Chumba, mtaa au simu: njia tatu za kupanga filamu fupi ya taharuki mkiwa wanafunzi

Mna wiki tatu, simu mbili zenye kamera nzuri, kundi la watu watano na stori moja. Stori yenyewe tuseme ni hii: Neema, mwanafunzi wa mwaka wa pili, anaamka asubuhi na kukuta shilingi 800,000 zimeingia kwenye simu yake kimakosa. Anachomoa 300,000 analipa ada iliyokuwa inamnyima usingizi. Jioni mwenye hela anapiga. Hatukani wala hapazi sauti. Anasema tu kwamba anajua Neema anakaa wapi.

Stori hiyo mnaweza kuipiga kwa njia tatu: ndani ya chumba kimoja, mtaani usiku, au kwenye simu, ambapo tunamwona Neema peke yake na mtu wa pili ni sauti. Mengi ya makundi niliyoyasaidia kuhariri kazi zao yalikuwa na stori nzuri. Yalikwama kwenye umbo. Walichagua kukimbizana barabarani kwa sababu ndivyo filamu wanazozipenda zinavyokwenda, halafu Jumapili jioni wakajikuta na nusu ya shoti, yaani vipande vya picha walivyopanga kupiga, na mwigizaji aliyechoka. Ndiyo maana nataka tuzipime njia hizi tatu kabla hamjaandika skripti, kwa stori hiyo hiyo moja, ili mwone kila njia inawadai nini na inawapa nini.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza, na kwangu ndicho kikubwa, ni mahali taharuki inapotoka. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za taharuki, alimweleza mwongozaji mwenzake Mfaransa, François Truffaut, jambo hili katika mazungumzo yao ya mwaka 1962 kwa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Bomu likilipuka ghafla, watazamaji wanapata sekunde 15 za mshtuko. Wakionyeshwa bomu mapema, huku waliokaa mezani hawana habari, wanapata dakika 15 za taharuki, hata kama mezani pale yanaongelewa mambo ya kawaida kabisa. Kwa hiyo swali la kujiuliza wakati wa kupanga ni moja: mtazamaji wetu anasubiri nini? Chumbani anasubiri mlango. Mtaani anasubiri kona. Kwenye simu anasubiri sentensi inayofuata.

Vigezo vingine ni vya kazi: mahali na ruhusa, mwanga, sauti, waigizaji, na siku mtakazohitaji kupiga na kuhariri. Pesa sikuiweka peke yake kwa sababu kwa wanafunzi pesa inajificha ndani ya hivyo vingine. Ni nauli, chakula cha watu watano, na vocha.

Jambo moja la urefu kabla ya kuendelea. Kanuni za tuzo za Oscar zinaihesabu filamu kuwa fupi hadi dakika 40, lakini kwa kundi linaloanza, dakika sita hadi nane ni kazi ya kutosha. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Makadirio hayo yanashika vizuri kwenye mazungumzo na yanayumba kwenye matendo: mstari mmoja unaosema "Neema anatembea hadi kituoni akifuatwa" unaweza kula dakika mbili.

Njia ya kwanza: chumba kimoja

*Taharuki.* Neema anarudi hosteli na kumkuta mgeni ameketi kitandani kwake, ana kikombe cha chai mkononi. Mwenzake wa chumba ndiye aliyemkaribisha. Anadhani ni mjomba. Sisi watazamaji tulishaisikia sauti ya huyu bwana kwenye simu, kwa hiyo akitamka tu "Karibu mwanangu" tunajua. Neema anajua. Mwenzake hajui. Bomu la Hitchcock limekaa kitandani.

Hapa lugha yetu inawapa silaha ambayo watu wa lugha nyingi hawana. Neema lazima amwamkie mtu anayemtisha. Hawezi kuacha, maana mwenzake atashangaa. Hiyo shikamoo ikichelewa sekunde mbili, na "marahaba" ikajibiwa kwa upole uliozidi, mtazamaji wa Kiswahili atajikunja kwenye kiti bila kisu wala damu. Mpeni mgeni maneno ya adabu tupu. Amuulize masomo yanaendeleaje, na ada amelipa kiasi gani.

*Mahali na ruhusa.* Chumba kinachofungwa kwa ufunguo ni mali kubwa. Mkimaliza Jumamosi mnapiga picha za meza, kitanda na kikombe kilipo, mnafunga mlango, na Jumapili mnaendelea vitu vikiwa vilevile. Mnahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, au ya matroni au patroni kama ni hosteli, na iwe ya maandishi yenye tarehe na saa. Tatizo la chumba cha mwanafunzi ni udogo. Kamera inakosa pa kusimama, na lenzi pana ya simu ikisogezwa karibu na uso inavuta pua. Toeni kitanda kimoja nje, pigeni mkiwa mlangoni au nje ya dirisha. Picha inayochungulia kupitia nondo za dirisha inaongeza hofu bila gharama yoyote.

*Mwanga.* Hapa chumba kinashinda kwa mbali. Mkiziba dirisha kwa blanketi zito, saa sita mchana inakuwa usiku, na usiku huo unadumu muda mnaotaka. Taa moja iwekwe chini pembeni, ukuta mweupe urudishe mwanga kidogo upande wa pili wa uso, basi.

Kuna kosa moja nimeliona mara nyingi: michirizi inayopanda na kushuka kwenye picha chini ya taa za ndani. Umeme wa Afrika Mashariki ni wa Hz 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikiachwa ijichagulie, mara nyingi hupiga fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde, kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, isiyolingana na mapigo hayo. Tumieni programu inayowaruhusu kujipangia, kama Open Camera ya bure kwa simu za Android; wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata ya sekunde 1/50. Michirizi itatoweka.

Angalizo lingine: msitie giza kupita kiasi. Kwenye kioo cha simu picha inaonekana nzuri, lakini kwenye projekta ya darasani yenye mapazia mabovu uso wa Neema utamezwa. Ijaribuni shoti moja kwenye projekta hiyo kabla ya siku ya kupiga.

*Sauti.* Chumba kitupu kina mwangwi. Tandikeni mablanketi sakafuni, tundikeni magodoro kwenye kuta ambazo kamera haizioni, zimeni feni na friji. Simu ya pili iwe kinasa sauti. Ifichwe mezani nyuma ya kikombe au mfukoni kwa mwigizaji, na kila shoti ianze kwa kupiga kofi mbele ya kamera ili muunganishe sauti na picha baadaye. Kama paa ni la bati na ni msimu wa masika au vuli, kuweni na ratiba ya akiba, kwa sababu mvua kwenye bati haifutiki kwenye kompyuta.

*Waigizaji.* Watatu, na wote wawe na uwezo wa mazungumzo. Waliozoea jukwaa watapaza sauti na kutupa mikono. Wakumbusheni kwamba kamera iko umbali wa mita moja. Fanyeni mazoezi siku tatu mkiwa mmekaa tu, mnasoma, kabla ya kusimama.

*Siku.* Mbili za kupiga. Kwa uzoefu wangu filamu ya dakika nane ya namna hii ina shoti 50 hadi 70. Kwenye kuhariri shida ni mwelekeo wa macho: choreni mstari wa kufikirika kati ya Neema na mgeni, na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, la sivyo wataonekana wote wawili wanatazama ukuta mmoja.

*Inamfaa nani.* Kundi lenye mwandishi mzuri wa mazungumzo, mahali pa uhakika, na watu wasioweza kutoka usiku. Haiwafai mkiwa na waigizaji wagumu wa maneno.

Njia ya pili: mtaa usiku

*Taharuki.* Sauti imemwamuru Neema alete hela taslimu, ndani ya bahasha, kwenye kituo cha daladala. Anatoka. Bodaboda inampita. Dakika moja baadaye inampita tena, ikitokea upande uleule.

Taharuki ya mtaani inaishi kwenye ramani. Mtazamaji asipojua Neema yuko wapi na kituo kiko umbali gani, atamwona binti anatembea tu. Chagueni alama moja, tuseme kibanda cha chipsi chenye taa ya bluu, na muionyeshe mara tatu: mbali, karibu, kisha ikiwa nyuma yake na imezimwa. Hapo mtazamaji anajua njia na anajua kwamba mlango wa kurudi umefungwa.

*Mahali na ruhusa.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumia.

Kwanza sheria. Tanzania, upigaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Kenya, leseni ya kupiga filamu inatolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, chini ya Sura ya 222 ya sheria za Kenya. Kazi ya chumbani ya darasani mara nyingi hubaki kati yenu na chuo, lakini mkishika barabara mnaonekana, na mtaulizwa. Pitieni kwa mwalimu wenu mapema, mpate barua ya chuo, kisha mwende kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa chifu kama mko Kenya, mjitambulishe. Msielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari wala viwanja vya ndege. Na droni ina masharti yake kwa mamlaka za usafiri wa anga. Kwa filamu ya dakika nane achaneni nayo.

Pili, na hili lina uzito kuliko barua yoyote: neno "mwizi". Mnajua mitaa yetu. Kijana anakimbia gizani, mwingine anamfukuza, mmoja anapiga kelele, na watu wanatoka na walichonacho mkononi kabla hawajauliza lolote. Kamera ndogo ya simu iliyo mita 20 kando hakuna atakayeiona. Kwa hiyo kwenye skripti ya mtaani msiweke mtu anayefukuzwa kwa mbio, msiweke mayowe, na mwigizaji asitamke neno hilo hata kwenye mazoezi. Taharuki ya hatua za haraka zinazojizuia zisiwe mbio ni kali zaidi, na haimhatarishi mtu. Msibebe panga wala bastola ya kuchezea hadharani. Wauza chipsi, mafundi na madereva wa kijiweni waambiwe siku moja kabla mnafanya nini, na mtu mzima wa mtaa huo asimame karibu na kamera muda wote. Dereva wa bodaboda awe mnayemfahamu, alipwe muda wake, avae kofia, na aende mwendo wa kawaida kabisa. Kasi mtaitengeneza kwenye kuhariri.

Kundi moja nililolisaidia liliacha mtaa usiku wa kwanza baada ya watu kuanza kukusanyika kwa hasira. Hakuna aliyeguswa. Lakini yule mwigizaji hakurudi tena, na simlaumu.

*Mwanga.* Kwetu karibu na ikweta jua halisitisiti. Dar es Salaam linazama kati ya takriban saa 12:10 na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na baada ya hapo mnapata dakika 20 hivi za ule mwanga wa bluu mzuri kuliko taa yoyote ya kununua. Dakika 20 ni shoti nne au tano kama kila mtu anajua pa kusimama. Kwa hiyo mtaa mnaupiga kwa jioni kadhaa, kila jioni shoti chache, kamera ikiwa imeshapangwa tangu saa 11:30. Usiku ukiingia kabisa, simu inajaza picha chengachenga. Tegemeeni taa za maduka na kaeni karibu nazo.

*Sauti.* Acheni kabisa wazo la kunasa mazungumzo barabarani. Pigeni bila kutegemea sauti, kisha mjenge: viatu kwenye kokoto, pumzi, bodaboda ya mbali, mbwa. Vinaswe kimoja kimoja, mahali patulivu. Adhana au mahubiri yakiingia kwenye sauti ya nyuma ya shoti moja na yasiwepo kwenye inayofuata, mkato utaonekana kwa masikio.

*Waigizaji.* Mmoja wa mbele, na mwili wake ndio unaoigiza. Njia hii ni rafiki kwa mtu anayeganda akipewa maneno. Nguo ziwe zilezile kila jioni, nywele zilezile, na bahasha ibaki mkono uleule. Mteue mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu.

*Siku.* Jioni nne hadi sita za kupiga, na shoti 80 hadi 120. Faili nazo zinajaa. Kwenye iPhone, dakika moja ya video ya ukali wa 1080p kwa fremu 30 inachukua takriban MB 60, na ya 4K, ambayo ni kali zaidi, takriban MB 170; saa mbili za 4K ni kama GB 20. Hamisheni kila usiku kwenda sehemu mbili tofauti kabla ya kufuta chochote. Kuhariri kutakula wiki nzima, na kazi hiyo inaweza kufanywa kwenye toleo la bure la programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve kama kompyuta ina nguvu.

*Inamfaa nani.* Kundi lenye mpiga picha mwenye jicho, linaloishi mtaa linaopigia na kufahamika pale, na lenye wiki zaidi ya moja. Haiwafai mkiwa wageni wa mtaa huo, au kama mwigizaji wenu hana namna salama ya kurudi nyumbani usiku.

Njia ya tatu: simu

*Taharuki.* Neema ameketi kwenye ukingo wa kitanda, spika ya simu imewashwa. Hatumwoni mwingine mpaka mwisho.

Njia hii inaonekana rahisi na watu wanaidharau. Kinachoiua ni mazungumzo yanayozunguka mahali pamoja: "Nani wewe?" "Utanijua tu." Ukifika dakika ya tatu mtazamaji ameshachoka. Dawa yake ni kupanga kila dakika ilete kitu kipya anachokijua mpigaji. Dakika ya kwanza anajua jina. Ya pili anajua ada imelipwa, na kiasi. Ya tatu anajua jina la mwenzake wa chumba. Ya nne anataja rangi ya khanga aliyojifunga sasa hivi. Kisha, nyuma ya sauti yake, tunasikia vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa, ule mlio unaojulikana na kila mtu wa pwani. Sekunde kumi baadaye vikombe vilevile vinasikika nje ya dirisha la Neema. Hakuna haja ya kuonyesha mtu.

*Mahali na ruhusa.* Chumba chochote, hata stoo. Hakuna wa kumwomba isipokuwa mwenye chumba.

*Mwanga.* Taa moja na mwanga wa kioo cha simu. Mkikumbuka kwamba simu ikiwekwa sikioni kioo kinajizima, mtaelewa kwa nini ni bora Neema atumie spika au visikilizi; uso wake unabaki na mwanga, na macho yake yanabaki huru. Simu ya kuigizia iwe imezuiwa meseji zote, na namba inayoonekana kwenye kioo isiwe namba ya mtu yeyote. Hifadhini kwa jina, ionekane jina tu.

*Sauti.* Hapa sauti ndiyo filamu yenyewe. Mpigaji awe kweli kwenye chumba cha pili, apige kweli, ili Neema amjibu mtu aliye hai. Sauti safi ya mpigaji inaswe palepale alipo, kwa simu nyingine iliyowekwa ndani ya kabati lililojaa nguo, maana nguo zinameza mwangwi. Baadaye, kwenye kuhariri, kateni masafa ya chini ya Hz 300 na ya juu ya Hz 3,400, ambayo ndiyo mipaka ya sauti ya simu ya kawaida ya zamani, na mtu huyo ataingia kwenye simu. Waigizaji wasipandane maneno. Na kabla ya kuondoka, watu wote wanyamaze, mnase nusu dakika ya ukimya wa chumba kile. Mtaitumia kuziba kila pengo.

Muziki kwenye njia hii ni mchache au hakuna kabisa. Kama mnautaka, mwombeni mwanafunzi mwenzenu atunge, na akubali kwa maandishi. Wimbo wa mtu uliochukuliwa bila ruhusa unaweza kuizuia filamu isipokelewe kwenye matamasha.

*Waigizaji.* Mmoja wa uso, mmoja wa sauti. Wa sauti anaweza kuwa mtu mzima wa nje ya chuo, hata mwalimu, kwa sababu mnamhitaji saa mbili tu. Lakini wa uso lazima awe mwigizaji kweli. Kamera itakaa naye dakika nzima bila kukata, na hakuna pa kumficha. Kama kwenye kundi hakuna mtu ambaye mkimtazama kimya kwa dakika moja mnaona anawaza jambo, njia hii itawaangusha, hata skripti iwe nzuri vipi.

*Siku.* Siku moja ya kupiga, shoti 15 hadi 30. Picha mtahariri jioni moja au mbili. Sauti itawachukua siku tano, nanyi mtadhani mmekosea ratiba. Hamjakosea.

*Inamfaa nani.* Kundi dogo, hata watu watatu, lenye mwigizaji mmoja bora na mtu mwenye masikio na subira.

Mnaweza kuchanganya?

Mnaweza, kwa kipimo. Filamu ya chumba inaweza kufunguka kwa sekunde 40 za Neema akitembea jioni kuelekea hosteli, zikapigwa ndani ya zile dakika 20 za mwanga wa bluu. Filamu ya simu inaweza kufungwa kwa shoti moja ya mtaa mtupu. Lakini njia moja ibebe filamu. Kundi linalotaka nusu chumba, nusu mtaa, linajipangia ratiba mbili na ruhusa mbili kwa nguvu za watu walewale watano.

Kulingana na hali yenu

Kama mna wikendi moja tu, mtaa hauwezekani. Chagueni kati ya chumba na simu, na kinachoamua ni idadi ya waigizaji wenye uwezo: watatu, chumba; chini ya hapo lakini mmoja ni hodari, simu.

Kama hakuna mwigizaji wa kutegemewa lakini kuna mpiga picha mzuri na jioni za kutosha, mtaa utawabeba, kwa masharti yale niliyosema ya usalama. Msiyapunguze hata moja kwa sababu ya haraka.

Kama umeme unakatika mara kwa mara mnapoishi, njia ya simu ndiyo inayoathirika kidogo zaidi. Taa ya kuchaji na powerbenki vinatosha, na giza la nje linaweza kuingizwa kwenye stori: umeme unakatika katikati ya mazungumzo, na sauti kwenye simu inasema, "Usiogope, huku kwangu pia umekatika." Chumba nacho kinawezekana kwa taa za kuchaji mbili. Mtaa utapoteza zile taa za maduka zote kwa pamoja.

Kama mnaishi mahali penye kelele za mchana kutwa, karibu na barabara kuu au karakana, chumba na simu vitawatesa. Mpige kuanzia saa nne usiku, au mgeukie mtaa ambao sauti yake mnaijenga upya hata hivyo.

Kama lengo ni kupeleka kazi kwenye tamasha, mfano lile la kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, njia zote tatu zinapokelewa sawa. Angalieni zaidi sauti na maandishi ya tafsiri chini ya picha, kwa kuwa mtakuwa na watazamaji wasiojua Kiswahili. Hapo chumba chenye mazungumzo mengi kina kazi ya ziada: ile shikamoo iliyochelewa lazima ieleweke usoni pa Neema, maana kwenye tafsiri itapotea.

Kama ni kazi ya darasani inayopimwa kwa kila fani, yaani uandishi, uongozaji, upigaji, sauti na uhariri, chumba kinagawa kazi kwa usawa zaidi. Simu itampa mpiga picha kidogo cha kuonyesha, na mtaa hautampa mwandishi nafasi.

Na kama bado mmegawanyika wawili kwa watatu, tumieni Jumamosi moja. Pigeni dakika moja ya kila njia kwa simu, bila taa wala mavazi, kisha mtafuteni mtu asiyeijua stori, mkae naye akitazama. Msimuulize ipi kapenda. Tazameni mikono yake, muone ni kwenye dakika ipi aliacha kugusa simu yake.